Hizo Karatasi Ngoja Kwanza

Wasee, tuongee hii maneno ya kumpendeza mwajiri. Kila mtu anakuambia viatu ving'ae, ufike mapema, umwangalie bosi machoni. Sawa. Suti ya Gikomba ukiipiga pasi vizuri hakuna mtu atajua, na kama unatoka Pipeline kwenda Westlands, amka na majogoo, jam haina huruma. Hapo hatubishani.

Mimi shida yangu ni bahasha. Tangazo linataka barua, CV, halafu cheti cha tabia njema, HELB, CRB, zote. Hata hujaitwa intavyuu! Hicho cha polisi pekee ni 1,050 kwa eCitizen, na bado uende kuchukuliwa alama za vidole. Kwa msee hana kazi, hiyo ni unga, mafuta na nauli ya wiki. Ukinyimwa kazi, nani anakurudishia?

Na sheria iko. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri hafai kukudai vyeti vya aina hiyo kama bado hana nia ya kukupa mkataba wa maandishi. Kazi kwanza, karatasi baadaye. Lakini matangazo ni yale yale, na sisi tunalipa tu, juu nani anataka kuonekana mjuaji kabla hajaajiriwa?

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina digrii ya kujificha nyuma yake. Nikiitishwa hilo rundo naandika kwa heshima: "Vyeti hivi nitavileta mkiamua kuniajiri." Ofisi moja ilininyamazia mpaka leo. Nyingine ikasema njoo Alhamisi. Hiyo Alhamisi hakuna aliyeuliza karatasi, waliuliza najua kufanya nini. Nikatoa simu nikawaonyesha video nimehariri. Nikapata miezi mitatu ya kazi.

Najua mtaniambia mwajiri atachukua yule ameleta kila kitu. Inawezekana, na kama uko na hiyo doo, lipa, sikukatazi. Mimi nasema usikope kwa simu ndio ununue karatasi ya kazi hujapewa. PIN ya KRA ni bure, hiyo kuwa nayo tayari.

Na yule anakuitisha pesa ya "usajili" kabla hujaona hata mlango wa ofisi, huyo usimwandikie kwa heshima. Bloku.