Nani Kasema Afrika Haina Baridi?

Furu wangu wa kwanza walikufa mwezi Julai, mmoja baada ya mwingine, sebuleni kwangu Ngara mjini. Walikuwa kumi na wawili. Niliwapata kwa mvuvi huko Chato, nikasafiri nao ndani ya ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, nimeibana kwa magoti ndani ya basi hadi Nyakanazi, kisha Ngara. Walistahimili vumbi, matuta na kelele za kondakta. Sebule yangu ndiyo iliyowashinda.

Kwanza waliacha kula. Kisha wakatokwa na madoa meupe kama punje za chumvi. Siku ya sita walibaki wawili, wamelala chini ya tangi wakihema. Alfajiri hiyo ndipo nilipopata akili ya kutumbukiza kipimajoto. Nyuzi 17.

Nikamkumbuka aliyeniuzia tangi, la kioo, la lita 400. Nilimwuliza kama nahitaji hita. Akacheka. "Mwalimu, hita ni mambo ya Wazungu. Afrika hii baridi itoke wapi?"

Naandika kumjibu, kwa sababu si yeye peke yake anayesema hivyo. Wengi wetu tumeikariri Afrika ya joto kana kwamba bara zima ni Dar es Salaam saa nane mchana. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Ngara viko mamia ya mita juu ya ziwa. Aliyewahi kungoja basi Ngara alfajiri ya Juni anajua kwa nini kila abiria amevaa sweta. Sisi tunavaa sweta. Samaki havai. Hana joto lake mwenyewe. Mwili wake unafuata maji aliyomo. Furu amezoea maji yasiyoenda mbali na nyuzi 25 mwaka mzima. Ufukwe wa Chato ulikuwa sehemu ya Biharamulo kabla wilaya haijagawanywa, hivyo kwenye ramani ya zamani mimi na mvuvi wangu tulikuwa majirani. Kwa furu, nilikuwa nimemhamishia nchi nyingine.

Basi nikanunue hita. Hapa nikakutana na kosa la pili, na hili lina sura ya kitaalamu: wati moja kwa kila lita. Kanuni hii inahesabu maji tu. Haiulizi tangi liko wapi. Tangi moja likiwa Mwanza na jingine likiwa Ngara, kanuni inayapa hita ileile, mmoja anapoteza fedha na mwingine anapoteza usingizi.

Swali sahihi ni moja: chumba chako kina nyuzi ngapi saa kumi na moja alfajiri? Changu kilikuwa na 17. Nilitaka 25. Tofauti ni nyuzi 8. Tangi kama langu, likiwa na mfuniko, hupoteza takriban wati 15 kwa kila nyuzi moja ya tofauti hiyo. Zidisha: wati 120, ili tu maji yasipoe. Bila mfuniko hesabu inaharibika, maana mvuke unaopanda unaondoka na joto. Kwa hiyo mfuniko kwanza, hita baadaye.

Usinunue hita moja kubwa ya wati 300. Nunua mbili za wati 150. Hita hufa kwa namna mbili: hukataa kuwaka, au hukataa kuzima. Ile kubwa ikikataa kuzima, inaweza kuyapandisha maji nyuzi 20 juu ya joto la chumba, na asubuhi utakuta supu. Ndogo ikikwama, itayapandisha nyuzi 10 hivi. Samaki watateseka, lakini utaamka na kuwakuta hai. Na moja ikikataa kuwaka, mwenzake ataubeba usiku.

"Umeme ukikatika je?" Ndiyo, unakatika. Hapo ndipo tangi kubwa linapolishinda dogo. Lita 400 hupoa polepole, chini ya theluthi ya nyuzi moja kwa saa katika tofauti ile ya nyuzi 8. Usiku wa giza wa saa nane unakugharimu nyuzi mbili. Lifunge tangi kwa vipande vya godoro bovu la sponji na mablanketi, ukiacha nafasi ndogo juu ya hewa, na utapoteza pungufu zaidi. Kukizidi, elesha ndani yake madumu mawili ya lita tano yaliyofungwa vizuri, yenye maji ya moto yasiyochemka: hiyo ni nyuzi moja umeirudisha. Lakini usilete jiko la mkaa sebuleni na kufunga madirisha. Gesi yake haina harufu, na itaanza na wewe.

Pingamizi lililonigusa lilitoka kwa jirani yangu, mama wa watoto watano. Alisimama mlangoni, akaitazama taa nyekundu ya hita, akasema, "Mwalimu, wanangu wanagombania blanketi moja. Wewe unampashia samaki."

Sikuwa na jibu siku ile. Tangi langu linakula karibu yuniti 2 za umeme kwa siku, yaani 60 kwa mwezi, na mshahara wangu ni wa mwalimu. Yuko sahihi: mtu kwanza. Lakini ukikubali hoja yake, kubali mpaka mwisho. Hoja hiyo inakukataza kununua tangi. Haikuruhusu kununua tangi kisha ukabania hita. Anayemfungia kiumbe ndani ya kioo amejitwisha hali ya hewa yake. Kama fedha ya joto haipo, fedha ya tangi haipo pia, na samaki abaki ziwani.

Ila ziwani nako tuliharibu. Sangara alipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wanatoweka. Wanasayansi walikadiria aina zipatazo 200 zimepotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa Mwanza tangu 1977 wakishuhudia. Leo baadhi ya furu wa ziwa letu wanazaliana katika matangi ya Ulaya na Marekani, nchi zenye theluji, kwa sababu huko hakuna aliyedanganywa kwamba hita haihitajiki. Sisi wenye ziwa tunawaua kwa msemo.

Na hatuwezi tena kusema umeme ni wa wenzetu. Maporomoko ya Rusumo, hapa hapa Ngara, yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na nyaya zake zinapita kwenda Nyakanazi, Biharamulo. Mto ule ule wa Kagera unaoizungusha mitambo unaendelea na safari hadi kwa furu wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujanunua tangi, nunua kipimajoto. Kiweke sebuleni wiki nzima, ukisome kila alfajiri, uandike. Kisha piga hesabu ya yuniti. Kama huwezi, nunua blanketi, umpelekee jirani.