Sauti za wazee ni dhamana yetu kwanza

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya wakoloni wa Kijerumani. Miongoni mwa wazee hao walikuwamo walioviona vita kwa macho yao. Leo hakuna hata mmoja wao aliye hai. Waliyoyasema na kuandikwa tunayo. Wasiyoulizwa wamekwenda nayo kaburini.

Tunayakumbusha haya kwa sababu mazungumzo ya kuhifadhi historia simulizi kwa njia ya dijitali, kwa kushirikiana na taasisi za nje, yamepamba moto tangu Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea mnamo Novemba 2023 na kuomba radhi kwa ukatili wa wakoloni. Ushirikiano huo tunauunga mkono. Ujerumani ina hazina ya sauti iliyoanzishwa Berlin mwaka 1900, na mwaka 1906, moshi wa vita haujatulia, mtafiti Karl Weule alikuwa kusini mwa nchi yetu akinasa nyimbo kwenye silinda za nta. Wajukuu wa waimbaji wale wana haki ya kuzisikia bila kuomba hisani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji aliyelala haponi. Mwaka 2019 UNESCO ilionya kwamba kanda za sumaku ambazo hazitahamishiwa kwenye mfumo wa dijitali kufikia 2025 huenda zisisomeke tena. Katika joto na unyevu gundi ya kanda hulainika. Ukiiweka kwenye mashine inanata, inapiga mluzi, na unga wa kahawia unaobeba sauti unabanduka na kubaki kwenye kichwa cha kinasa sauti. Sauti iliyobanduka hairudi. Mashine nazo zimeadimika, na mafundi wake wanastaafu.

Rwanda imeonyesha njia. Hifadhi ya dijitali ya kumbukumbu za mauaji ya kimbari ilizinduliwa mwaka 2010 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Marekani, lakini kituo chenyewe kiko Kigali, na manusura waliotoa ushahidi wanajua pa kuukuta.

Kwa hiyo mkataba wowote wa ushirikiano na taasisi za nje uwe na masharti yasiyojadiliwa. Nakala kamili, yenye ubora uleule wa ile inayokwenda nje, ibaki nchini. Mzee aelezwe kwa lugha anayoielewa sauti yake itakwenda wapi na nani ataisikia, kisha aridhie au akatae. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikutungwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yake. Mambo ya jando, unyago na matambiko yasiwekwe kwenye intaneti bila idhini ya wenyewe. Kila rekodi iandikwe jina la msimulizi, kijiji, lugha na tarehe, maana sauti isiyo na maelezo haimfai mtafiti wala mjukuu. Na gharama za seva, umeme na wataalamu ziingie kwenye bajeti ya serikali, kwa kuwa fedha za mradi zina mwisho.

Wajibu huu hauhamishiki. Mfadhili anaweza kuleta vifaa na mafunzo, lakini hawezi kutujali kuliko tunavyojijali wenyewe, wala si kazi yake kuamua lipi katika simulizi zetu linafaa kukumbukwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wizara, vyuo vikuu, makumbusho na vituo vya redio vitangaze hadharani orodha ya kanda vilizonazo na hali ya kila moja. Kazi hiyo haimsubiri mfadhili. Ianze sasa.