Maji ya kompyuta yako uliyabadilisha lini?

Wandugu, kila kijana mwenye kompyuta ya mezani inayopozwa kwa maji hunionyesha taa na rangi ya mabomba. Nikimuuliza maji aliyabadilisha lini, anacheka.

Mimi nasema, kama huna subira ya kuyamwaga angalau mara moja kwa mwaka, baki na feni. Maji hayafanyi miujiza. Yanabeba joto la prosesa hadi kwenye rejeta, na rejeta haiwezi kuyapoza chini ya joto la chumbani. Chumba cha Dar mwezi wa Februari mnakijua wenyewe!

Kinachoniudhi zaidi ni wanaoboresha mashine kwa kubahatisha. Mtu ana kibloku cha shaba juu ya prosesa, anaongeza rejeta ya alumini kwa kuwa ni bei chee. Metali hizo zikichangia maji, alumini huliwa taratibu, na uchafu wake unaziba vijia vyembamba vya kibloku.

Feni ikichoka inapiga kelele, unanunua nyingine. Bomba likilegea usiku, maji yanadondokea kadi ya grafiki uliyoidunduliza miezi sita. Hata maji yaliyokenekwa, ambayo hupitisha umeme kidogo mno, yakishazunguka humo mwaka mzima si yale tena.