Kadi au noti? Hesabu ya mfanyabiashara wa Kahama anayesafiri nje

MGODI wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha mwaka 2021. Biashara iliyokua pembeni yake haikufungwa pamoja nao. Wapo wenye maduka ya nguo, simu na vipuri mjini Kahama wanaofuata mzigo wenyewe Dubai au Guangzhou, na swali lao ni moja: wabebe dola au wategemee kadi ya benki?

Wengi hubeba noti, na huo si ushamba kama wengine wanavyodhani. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997, kwa dirham 3.6725, hivyo anayebadilisha dola Dubai hapotezi sana. Kadi ya akaunti ya shilingi kwa kawaida hubadilishiwa fedha kwa bei ya benki na kuongezewa ada. Mashine ya dukani ikikuuliza iwapo unataka kulipa kwa shilingi, kataa. Bei hiyo mara nyingi huwa mbaya zaidi.

Guangzhou mambo ni tofauti. Huko hata muuza matunda hulipwa kwa simu, na kwa miaka mingi kadi ya Visa ya mgeni haikumsaidia sana sokoni. Julai 2023 Alipay na WeChat Pay zilirahisisha kuunganisha kadi za nje, na mwaka 2024 kikomo cha malipo ya mara moja kikapanda kutoka dola 1,000 hadi 5,000. Hata hivyo, malipo yanayozidi yuan 200 kwa kadi hizo hutozwa asilimia 3. Kwa teksi na chakula si neno. Kwa mzigo wa duka zima, asilimia hiyo inaweza kuwa sehemu kubwa ya faida.

Noti nazo zina masharti. Anayevuka mpaka wa Tanzania na dola 10,000 au zaidi lazima atoe tamko forodhani. China hutaka tamko kwa zinazozidi 5,000. Kadi ikipotea hufungwa kwa simu. Bunda la dola likipotea, mtaji umekwenda, na pengine ni mkopo uliowekewa nyumba rehani.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa ni kusafiri na kadi ya shilingi pekee. Wapo wanaodhani kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku akaunti za dola. La hasha: zilikataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Dola zilipoadimika nchini mwaka 2023, aliyejiwekea akiba ya dola mapema hakulazimika kuzisaka siku ya safari. Malipo ya mzigo mkubwa yapitie benki hadi akaunti ya muuzaji, kadi ibaki ya hoteli, na noti chache, mpya na zisizochanika, ziwe za dharura.