Nani Ameubeba Mzigo Wetu?



Sisi tuishio kati ya milima ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa hatuhitaji kufundishwa mlima ni nini. Atokaye Mbamba Bay kupanda Mbinga huujua mwinuko kwa magoti yake, na mama alimaye ngoro huko Litembo husimama kutwa nzima penye mteremko mkali. Twajua pia mzigo ni nini: gunia la kahawa, tenga la usipa, ndoo ya maji. Ndiyo sababu tunathubutu, kutoka pembe hii ya kusini, kusema neno juu ya Mlima Kilimanjaro ulio mbali nasi, na juu ya watu wanaouwezesha kupandwa.

Maji ya ziwa letu yako takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, yaani zaidi ya mara 12. Huko juu kila pumzi humpatia mtu karibu nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani. Safari huchukua siku tano hadi nane, kupitia msitu wa mvua, nyika ya mawe na usiku wa baridi ya kugandisha maji. Kanuni za hifadhi zinadai kila mgeni aongozwe na mwongozaji mwenye leseni. Lakini nyuma ya mgeni mmoja huwapo mara nyingi wapagazi watatu au wanne, wakibeba mahema, vyakula, mitungi ya gesi, meza, viti, na hata choo cha kuhamishika. Mpagazi huondoka kambini baada ya mgeni, akampita njiani, akafika kabla yake, ili mgeni akute chai imechemka. Wenyewe hujiita "wagumu", na jina hilo wamelistahili.

Vitabu vimetufundisha kwamba kilele kilifikiwa kwanza tarehe 6 Oktoba 1889 na Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria. Ni kweli. Lakini mabwana hao hawakujibebea chakula chao kutoka pwani. Wapagazi walikuwapo, na huko Marangu hukumbukwa Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Kichaga aliyehesabiwa miongoni mwa waongozaji wao. Wengi wa wenzake hatuwajui hata kwa jina.

Nasi tunayo kumbukumbu ya namna hiyo. Mnamo Agosti 1914, hapa Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, na vita vya wakubwa vikaingia ziwani kwetu. Katika vita hivyo pande zote mbili ziliwatumia wanaume wa Kiafrika kama wanyama wa mizigo, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Majenerali waliandikwa vitabuni. Wapagazi wakaachiwa jina la soko.

Je, leo hali imebadilika? Tuseme kwa haki: kwa sehemu imebadilika. Ipo kanuni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani ipo langoni. Vipo vyama vya wapagazi wenyewe. Upo Mradi wa Kuwasaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanzishwa mwaka 2003, unaoazima nguo za baridi bure na kuyafuatilia makampuni yanayokubali kufuatiliwa. Wapo waajiri waadilifu, nao tunawapongeza.

Lakini kanuni iliyo langoni haipandi mlima yenyewe. Kiwango ambacho watetezi wa wapagazi wamekitaja kwa miaka mingi ni shilingi 20,000 kwa siku. Wapo wanaolipwa chini ya hapo, na wapo wanaopanda kwa tumaini la bahashishi tu. Wapo waliotoa kitu kidogo ili wapate safari. Wapo walioongezewa mzigo baada ya kupita mizani, waliokula mlo mmoja kwa siku, waliolala wamebanana katika hema la kulia chakula wageni walipokwisha kulitumia. Na haya hutendeka katika safari ambayo mgeni mmoja aghalabu hulipia zaidi ya dola 1,500.

Husemwa, "Mpagazi amekubali mwenyewe." Papa Leo XIII alikwisha kulijibu neno hilo mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: ujira sharti umtoshe mfanyakazi kuishi kwa heshima, na anayekubali malipo haba kwa kusukumwa na shida amedhulumiwa, hata kama ametia sahihi. Husemwa tena, "Atapata bahashishi." Bahashishi ni shukrani ya mgeni, mshahara ni deni la mwajiri. Shukrani ya mmoja hailipi deni la mwingine. Torati iliagiza kibarua alipwe kabla jua halijazama (Kum 24:14-15), na Bwana wetu aliwakemea waliowatwika wengine mizigo mizito bila wao wenyewe kuigusa hata kwa kidole (Mt 23:4).

Wahenga walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hiyo tusinyoshe kidole Moshi tu. Nani huchuma kahawa yetu msimu ukifika, naye hulipwa lini? Nani hushusha magunia kutoka mitumbwini huko Lituhi na Liuli? Nani alibeba mawe ya msingi wa kanisa la kigango chetu, na je, aliondoka na ujira wake au na ahadi?

Tunaziomba basi Jumuiya Ndogo Ndogo zifanye mambo matatu. Kwanza, vijana wetu waendao kaskazini kutafuta kazi ya mlimani wafundishwe kuuliza mapema: mshahara ni kiasi gani, utalipwa siku gani, chakula na malazi vikoje, na nani atamteremsha mpagazi akiugua. Pili, wageni wetu kutoka ng'ambo, wakiwamo ndugu wa jimbo rafiki la Würzburg, wakitaka kupanda Kilimanjaro, tuwashauri wayaulize makampuni maswali hayo hayo kabla ya kulipa, wala wasifurahie bei rahisi bila kujua nani ameipunguza kwa mgongo wake. Tatu, kila kigango kipitie orodha ya vibarua wake, na deni likionekana, lilipwe.

Mwenge uliowashwa kileleni usiku wa Uhuru, Desemba 1961, ulikuwa ishara ya utu wa kila mtu. Utu huo hauanzii mita 5,895. Unaanzia chini langoni, pale mizani inaposomwa kwa ukweli, na unakamilika siku mpagazi anaporudi nyumbani akiwa mzima, na mshahara wake wote mkononi.