Bibi Hajalogwa, Anaumwa



Leo tuseme wazi. Bibi akianza kuuliza swali moja mara kumi kwa siku, akapotea njia ya kisima alichochota maji ujana wake wote, majibu huwa mawili tu: "uzee huo" au "kalogwa". Tunayakataa yote mawili. Sisi wa Mafia na ndugu zetu wa Mohoro tunatazamana ng'ambo na ng'ambo ya delta ya Rufiji, na maneno hayo yanasemwa pande zote.

Huu ni ugonjwa wa ubongo. Wataalamu wanauita dimenshia. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 walikuwa nao mwaka 2021, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa nchini, watafiti walipowapima wazee wa vijiji vya Hai, Kilimanjaro, walikuta kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanaumwa. Je, wote hao walilogwa?

Rufiji si mahali pageni kwa elimu ya afya. Tangu 1998 Taasisi ya Ifakara ilikuwa ikihesabu kaya, vizazi na vifo vya huko. Wanawake wamefundishwa chandarua, kliniki ya mimba na lishe ya mtoto. Tunauliza: darasa la anayemlea mzee liko wapi? Mzigo ni wa binti anayeacha shamba la mpunga, au mkwe anayekesha mlangoni bibi asitoke usiku. Asipofundishwa, atamgombeza, atamfungia ndani, au atauza mbuzi ampeleke kwa mganga.

Aprili 2024 mafuriko yaliingia Mohoro na watu wakahama. Mzee asiyejua leo ni siku gani, unamhamishaje bila vurugu? Mlezi aliyefundishwa hambishii. Humwambia jambo moja moja kwa upole, humshika mkono, na humwekea mfukoni karatasi yenye jina na namba ya simu ya nyumbani.

Wapo watakaosema kumlea mzazi hakusomewi. Na kuzaa je? Mabibi zetu walizaa bila daftari, lakini leo nani anamzuia mwanawe kwenda kliniki? Katika Sura Al-Israa, aya ya 23, tumekatazwa hata kumguna mzazi aliyefikia uzee. Amri tunayo. Namna ya kuitimiza kwa mgonjwa wa aina hii ni lazima tujifunze.

Tena darasa lituanze sisi wa miaka 40. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu nusu ya ugonjwa huu ungezuilika au kuchelewa. Miongoni mwake ni presha, sukari, sigara, upweke na masikio yasiyotibiwa. Haya yanaanza jikoni kwetu na kwenye kupima.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunataka wahudumu hao wafundishwe ugonjwa huu, wafike Mohoro na visiwani, na wakae na walezi nyumba kwa nyumba. Maimamu na walimu wa madrasa nao walitaje jina lake hadharani, bibi aache kuogopwa kwa kuwa amesahau.