Usimwache Mtu Peke Yake na Simu

Mwaka juzi, asubuhi ya Jumanne, mama yangu mdogo alikuwa barazani kwake Tanga anakanda unga wa maandazi, simu ikaita. Sauti ya kijana, yenye adabu. "Shikamoo mama." Akamtaja majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Akajitambulisha kuwa anapiga kutoka huduma kwa wateja: laini ya mama ina hitilafu ya usajili, itafungwa ndani ya saa moja, na fedha zilizomo zitazuiwa. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku hiyo: "Mama, hapo ulipo pana kelele. Sogea pembeni kidogo tusikilizane. Na usikate simu, ukikata tu mfumo unafunga."

Mama mdogo akanawa mikono, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba. Barazani alimwacha mjukuu wake wa kidato cha tatu, mtoto ambaye angemwambia "bibi, huyo tapeli" kabla mazungumzo hayajafika popote. Kule kwenye migomba kijana akamwambia aweke sauti ya nje, akamwongoza kitufe kwa kitufe. Alichokiita "namba ya uhakiki" kilikuwa namba ya simu ya kupokelea fedha. Alichokiita "namba ya fomu" kilikuwa kiasi: 640000. Jina la mwanamke asiyemjua likatokea kwenye kioo cha simu, kijana akasema ndiye ofisa anayeshughulikia faili lake. Mwisho akamwambia kwa upole, "Sasa malizia na namba yako ya siri, lakini mimi usinitajie, mama, hiyo ni siri yako." Hapo ndipo alipomwamini kabisa. Tangu lini mwizi akakukumbusha kufunga mlango?

Zaidi ya nusu ya fedha ile ilikuwa ya kikoba. Yeye ndiye mweka hazina.

Hakumwambia mtu. Si mumewe, si mjukuu, si sisi. Aliuza cherehani yake, akakopa kiasi kwa mwenye duka, siku ya kikao akaweka fedha mezani kana kwamba hakuna lililotokea. Tulijua wiki tatu baadaye, na tulijua kwa sababu nilifika kumsalimia nikauliza cherehani iko wapi. Alilia kwanza, ndipo akajibu. Na katika wiki zile tatu, mwanachama mwenzake wa kikoba hichohicho, nyumba ya nne kutoka kwake, alipigiwa simu, akasalimiwa shikamoo, akaambiwa asogee pembeni. Naye alipigwa kwa maneno yaleyale.

Ndugu zangu, sina ujuzi wa mitambo. Ninachokiomba kwenu kimetoka kwenye ile migomba. Tapeli wa simu hana bunduki wala hana bisibisi ya kuvunjia mlango. Anachohitaji ni mtu awe peke yake na simu kwa dakika kumi. Ndiyo maana anasema usikate. Ndiyo maana anasema usimwambie mtu mpaka zoezi liishe. Anayejifanya mwalimu, akasema mwanao ameanguka shuleni na daktari anataka fedha sasa hivi, anakukimbiza usipate nafasi ya kumpigia mwalimu wa kweli. Na aibu inayokuja baadaye inamfanyia kazi yake ya pili: inakuziba mdomo mpaka amalize mtaa mzima.

Aibu hiyo tunaitengeneza sisi wenyewe. Mtu akisema ametapeliwa, neno la kwanza tunalompa ni "tamaa". Wapo walioponzwa na tamaa, sikatai, hasa kwa zile jumbe za utajiri wa haraka na mikopo isiyo na dhamana. Lakini hebu tuwahesabu tunaowajua. Yule baba aliyetuma fedha akidhani mwanawe yuko hospitali alikuwa na tamaa gani? Mpangaji aliyepokea ujumbe "ile hela tuma kwa namba hii" siku ambayo kweli mwenye nyumba anadai kodi? Mama mdogo aliogopa kupoteza fedha za watu. Waliotapeliwa wengi ninaowafahamu walinaswa kwa hofu au kwa upendo, na wengine kwa uungwana tu wa kutomkatia mtu simu usoni. Tunawacheka kwa tabia ambazo sisi wenyewe tuliwalea nazo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni gumu kuliko yote: aliyetapeliwa aseme, na aseme saa hiyohiyo. Akisema mapema kuna linaloweza kuokolewa. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, ueleze muamala. Fedha ambayo haijatolewa kwa wakala bado inaweza kuzuiwa, ikishatolewa imekwenda. Kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, lakini sheria haiwezi kumshika mtu ambaye hakuna aliyemshitaki. Sisi tunaomsikiliza tujifunze kumwambia "pole, twende tukapige simu" kabla ya neno jingine lolote.

Ombi la pili halikugharimu ila dakika mbili. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, wewe uliyeutambua, usiufute. Uelekeze kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Ukiulizwa namba iliyokutumia, itume. Najua wengi wetu tunaufuta tukitabasamu kwamba "huyu hanipati". Hakupati wewe. Ujumbe uleule umetumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, na mmoja wao ni bibi wa mtu aliyekuwa anasubiri kweli kutumiwa namba. Serikali na kampuni za simu wamekuwa na kampeni waliyoipa jina Sitapeliki. Ni kazi njema, na naiunga mkono. Ila neno hilo linasema "mimi". Natamani tuliseme kwa wingi, maana mtu mmoja kuwa mjanja hakumwokoi jirani yake.

Sasa niwageukie mawakala, kwa sababu ninyi mmekaa mahali ambapo wengine wetu hatufiki. Mwezi uliopita nilikuwa nimepanga foleni kwenye kibanda kimoja cha wakala, nyuma ya mzee mwenye kofia ya kiua. Alikuwa na simu sikioni, mkononi noti za elfu kumi kumi zimekunjwa na kufungwa mpira. Akamwambia binti wa ndani, "Niwekee laki mbili kwenye namba hii," akaanza kuitaja huku anasikiliza simu. Binti hakuzipokea noti. Akauliza, "Babu, ni namba yako?" Hapana. "Unamtumia nani?" Mzee akasita. "Ni… ofisi." Binti akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anaomba chenji, "Babu naomba nisalimiane nao." Mzee akampa simu. Kabla binti hajamaliza kusema hujambo, upande wa pili ulikuwa umekata.

Hakumsema mzee. Akamvutia kiti cha plastiki, akampa maji. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulingoja, na hakuna aliyenung'unika.

Binti yule alipoteza kamisheni ndogo siku ile. Nawaomba mawakala wote wakubali hasara hiyo ndogo. Mtu akija anatuma fedha huku simu iko sikioni, simamisha kazi. Muulize anamtumia nani na kama anamjua. Kwenye kutuma, jina la mpokeaji hutokea kabla ya namba ya siri kuingizwa: msomee mteja jina hilo kwa sauti, umwache alitafakari. Na sisi tulio nyuma kwenye foleni tuache kusema "fanya haraka bwana". Haraka ndiyo anayoitaka yule wa upande wa pili.

Kuna jambo linaniuma zaidi, kwa sababu hapa sisi ndio tunaowapa matapeli silaha. Lile jina la mwanamke lililotokea kwenye simu ya mama mdogo: huenda mwenye jina hilo hajui mpaka leo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa, lengo likiwa kila namba iwe na mtu anayejulikana. Lakini mmeshawahi kusajili laini kwa kijana wa chini ya mwavuli, akakwambia "mtandao unasumbua, weka kidole tena"? Na tena? Huenda mtandao ulisumbua kweli. Huenda pia kidole cha pili kilisajili laini ambayo hutaiona kamwe, ikauzwa kwa mtu anayehitaji kupokea fedha kwa jina lisilo lake. Wapo pia vijana wetu wanaokubali kwa hiari kusajili laini kwa kitambulisho chao na kumpa mtu wasiyemjua, kwa fedha ya chakula cha mchana. Vijana, jina lako likionekana kwenye muamala wa wizi, polisi wataanzia kwako.

Kila mwenye kitambulisho cha taifa apige *106# leo, aangalie namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukaifute. Ukimaliza ya kwako, wafanyie wazazi. Mtaa ambao kila mmoja amefuta laini asizozijua umewanyang'anya matapeli majina ya kujifichia, na kazi hiyo haihitaji bajeti ya wizara.

Wenye kadi za benki nao wasijione wako salama. Mbele ya kadi kuna tarakimu 16 na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarakimu tatu ziko nyuma. Aliyezipata zote anaweza kununua vitu mtandaoni bila kuiona kadi yenyewe. Kizuizi kinachobaki mara nyingi ni ile namba ya mara moja inayokuja kwa ujumbe kwenye simu yako. Ndiyo sababu atapiga, akajitambulisha ni wa benki, akasema kuna mtu anajaribu kuiba kwenye akaunti yako na yeye anataka kuzuia: "Nisomee tu namba iliyoingia sasa hivi." Ukiisoma, wewe mwenyewe ndiye uliyemfungulia. Benki haina haja ya kukuuliza tarakimu za kadi ambayo yenyewe ilikupa. Kata. Geuza kadi, piga namba iliyochapishwa nyuma yake. Usiirudie namba iliyokupigia, hata kama kioo kimeandika jina la benki, maana kinachoonekana kwenye kioo kinaweza kughushiwa.

Kampuni za simu na benki siwaachi nje. Mnatutumia jumbe za ofa usiku na mchana. Basi mtu anayepiga kusema "nimeibiwa dakika hii" asisubirishwe na muziki sawa na anayeuliza bei ya vifurushi. Awe na mlango wake. Na kila wakala wenu apewe idhini ya kusimamisha muamala anaoutilia shaka bila kuogopa kulaumiwa. Mamlaka ya Mawasiliano hutoa kila robo mwaka takwimu zinazoonyesha majaribio ya utapeli mkoa kwa mkoa. Wenyeviti wa mitaa na vijiji, someni takwimu hizo kwenye mikutano yenu ya hadhara, kama mnavyosoma mapato na matumizi. Misikiti na makanisa yanazo dakika tano baada ya matangazo. Walimu, waambieni watoto, maana mara nyingi mtoto ndiye anayekaa karibu na bibi simu inapoita.

Mama mdogo alisimama kwenye kikoba mwezi wa tatu baada ya tukio. Nilikuwepo. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, akasema, "Mficha uchi hazai. Nataka niwaambie nilivyoibiwa." Akaeleza yote: migomba, namba ya fomu, cherehani. Alipokaa, palikuwa kimya. Kisha yule wa nyumba ya nne akasimama. Kisha mwingine, ambaye hakuna aliyekuwa akijua habari zake. Alikuwa ameificha kwa mwaka mzima. Watatu kati ya wanawake 24. Siku hiyohiyo walikubaliana kwamba fedha ya kikundi haikai kwenye simu ya mtu mmoja, na kwamba mwanachama akipigiwa simu yoyote inayohusu fedha, akate, avuke kwenda kwa jirani, aieleze kwa sauti ndipo aamue.

Nasi kwenye familia tukafanya letu. Tumekubaliana neno moja. Anayepiga kwa namba ngeni akisema yuko hospitali, kapata ajali, kashikwa, anahitaji fedha haraka, anaulizwa neno hilo kabla ya jambo lolote, awe anasikika analia au hasikiki. Watoto wanalijua, na ndugu zetu walioko Muscat wanalijua. Kwenu mnaweza kulipanga leo jioni mkiwa mezani, kabla sahani hazijatolewa. La kwetu alilichagua mama mdogo.